Nilivyobadilisha Silinda za Klachi Uani Kwangu, Mtwara

Mwezi Julai 2023, wakati mashamba ya Newala yananuka salfa kila kona, nilipanda huko na pikapu yangu, Hilux ya dizeli inayokaribia umri wa miaka thelathini, nikiwa nimepakia mifuko ya salfa kwa ajili ya mikorosho ya familia. Nilirudi siku ya pili pamoja na dada yangu na magunia mawili ya makopa. Kabla hatujafika Tandahimba nilihisi pedali ya klachi imekuwa nyepesi kuliko kawaida, na kila nilipoikanyaga ilikuwa inashika chini zaidi ya pale ilipozoea kushika. Baada ya kilomita chache ilizama mpaka sakafuni na kubaki huko huko, nikawa naiinua kwa mgongo wa kiatu ili niikanyage tena. Gia ya kwanza ilikataa kuingia, na gia ya nyuma ilitoa mkwaruzo ambao dada alidhani ni chuma kimevunjika.

Tulisimama Tandahimba. Kijana mmoja anayetengeneza pikipiki kando ya barabara alifungua boneti, akakuta kikopo cha mafuta ya klachi kimekauka. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hutumika pia kwenye klachi, hakuwa nayo. Alikuwa na chupa ya mafuta mekundu, yale ya usukani wa pawa, nami kwa haraka ya kutaka kufika nyumbani kabla ya giza nikamwambia ajaze hayo hayo. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa alitaka kutusaidia na uamuzi ulikuwa wangu. Baada ya kukanyagwa mara nyingi mfululizo, pedali ilipata nguvu kidogo, tukaondoka. Tulipoikuta lami pale Mnivata, kilomita 50 kutoka Mtwara mjini, klachi ilikuwa bado inafanya kazi. Tulipofika Naliendele haikuwapo tena.

Kuanzia hapo niliendesha bila klachi. Kila gari liliposimama nilizima injini, nikaingiza gia ya kwanza, kisha nikazungusha ufunguo, na stata ikalisukuma gari mpaka injini ikawaka huku magurudumu tayari yanatembea. Mwendoni, nilikuwa naachia mafuta, naitoa gia, nasubiri mzunguko wa injini ushuke, kisha naisogeza gia inayofuata kwa upole mpaka ikubali yenyewe. Njia hiyo inamfikisha mtu nyumbani jioni ikiwa barabara ni tupu, lakini stata inaumia, na mahali penye watu wengi singethubutu kuitumia.

Siku iliyofuata nilimwita fundi. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akakanyaga pedali mara mbili, akasema, “Mwalimu, hii ni klachi pleti. Tushushe giaboksi.” Kushusha giaboksi ya Hilux ni kazi ya siku nzima, na gharama yake ni kubwa kwa mtu anayeishi kwa mshahara. Nilimwomba anipe muda mpaka jioni. Sikuwa na shaka na ujuzi wake. Kilichonitatiza ni kwamba dalili hazikuendana na hukumu. Pleti, yaani sahani inayounganisha injini na giaboksi, ikiisha, klachi huteleza: injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo, na mlimani unasikia harufu ya kuungua. Gari langu halikuteleza hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa kinyume cha hapo, kwamba klachi haikuachia.

Mimi hufundisha fizikia, na kanuni ya Pascal nimeiandika ubaoni mwaka hadi mwaka: mgandamizo unaowekwa kwenye kioevu kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Klachi ya haidroliki ni kanuni hiyo ikiwa imevaa chuma. Juu, kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, kuna silinda ambayo mafundi huiita masta. Pedali inasukuma pistoni yake, mafuta yanashuka kwenye bomba jembamba, yanafika kwenye silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, ambayo huitwa slevu, na pistoni ya huko inasukuma uma wa klachi. Uma unasukuma beringi, beringi inasukuma presha pleti, ile inayoibana klachi pleti, na klachi pleti inabaki huru. Nilimwambia mpwa wangu, kijana wa dada yule yule niliyetoka naye Newala, akanyage pedali huku nimelala chini ya gari nikiutazama uma. Haukusogea hata milimita tano. Nilipoinua ukingo wa raba ya kuzuia vumbi kwenye slevu, mafuta meusi yenye wekundu kwa mbali yalinimwagikia kiganjani. Nikainua na zulia la miguuni kwa dereva, nikakuta limelowa pia. Giaboksi haikuwa na kosa lolote.

Hapo nilifanya kosa la pili, na hili nalo sina wa kumtwisha. Niliona slevu ndiyo inayovuja zaidi, nikanunua raba zake peke yake. Raba ya zamani ilipotoka ilikuwa imevimba, midomo yake imejikunja kwa nje, na ukiigusa inaacha weusi vidoleni ambao sabuni haiutoi. Ndani ya silinda kulikuwa na vidoti vya kutu, vidogo kama punje za mtama. Nikavipitishia msasa laini, nikaivisha raba mpya, nikajaza mafuta ya breki, na gari likatembea. Lilitembea kwa wiki tatu. Kisha masta ikakata tamaa asubuhi moja nikiwa natoka nyumbani, na nilipofungua slevu nikakuta raba mpya nayo imeanza kuvimba, na mdomo wake umechanwa pale ulipokuwa unapita juu ya vile vidoti.

Nilikaa na raba ile mkononi kwa muda mrefu, nikaelewa kile ambacho ningepaswa kukielewa Tandahimba. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hutengenezwa kwa glikoli, na raba za mfumo wake huchaguliwa zile zinazovumilia glikoli. Mafuta yanayotokana na mafuta ghafi, yawe ya injini, ya giaboksi, ya usukani, au hata dizeli na petroli ambazo wengi wetu tunaoshea vyuma, huzivimbisha raba hizo na kuzilainisha. Nilikuwa nimebadilisha kiungo kimoja cha mwili ambao damu yake yote ilikuwa na sumu. Mafuta mekundu yalibaki kwenye masta, yalibaki kwenye bomba, na yalikuwa yamepenya kwenye kuta za mpira unaounganisha bomba na slevu. Nashukuru kwamba kwenye gari hili kikopo cha klachi kiko peke yake. Yapo magari ambayo klachi na breki huchota kwenye kikopo kimoja, na huko kosa langu lingeingia kwenye breki nikiwa na dada yangu pembeni.

Safari hii niliamua kubadilisha masta, slevu na mpira wake, vyote kwa pamoja, na kuliosha bomba la chuma kwa spiriti mpaka litoe spiriti safi, kisha kulikausha kwa pampu ya baiskeli. Dukani nilijifunza jambo ambalo muuzaji hakunieleza mpaka nilipomwonyesha masta ya zamani. Ubavuni mwake kuna namba 5/8, yaani kipenyo cha sehemu tano ya nane ya inchi, karibu milimita 16. Masta mbili zinaweza kufanana kwa macho na kufungwa kwa nati zile zile huku vipenyo vyake vikitofautiana. Ukifunga yenye kipenyo kikubwa pedali inakuwa nzito na inashika mapema. Ukifunga yenye kipenyo kidogo inakuwa nyepesi lakini haisukumi mafuta ya kutosha kuiachia klachi. Tangu siku hiyo siendi dukani bila kipuri cha zamani mkononi.

Mafuta nilinunua DOT 3, chupa ambayo muhuri wake haujaguswa. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na sisi tunaoishi Shangani, ambako upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, hatuna haki ya kuweka chupa iliyofunguliwa mwaka mzima na kuiamini. DOT 3 ikiwa kavu hutakiwa kuchemka kwa nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi. Ikishakunywa unyevu kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa klachi joto si adui mkubwa kama kwa breki. Adui wa klachi ni kutu, na vile vidoti vilivyochana raba yangu vilitokana na maji yaliyokuwa yamelala ndani ya mafuta ya zamani.

Kazi niliifanya Jumamosi, uani, kwenye sakafu ya saruji, magurudumu yamezuiwa kwa mawe mbele na nyuma, na waya wa betri umetolewa. Hilux iko juu kiasi kwamba niliingia chini yake bila jeki. Ambaye gari lake ni la chini aweke stendi za chuma. Matofali ya saruji hupasuka bila kutoa taarifa, na jeki peke yake siiamini juu ya kifua cha mtu.

Kipengele kilichotaka subira kuliko vyote kilikuwa nati ndogo za bomba. Chumvi ya bahari ilikuwa imezigandisha, na bomba lenyewe ni jembamba kama kalamu, kwa hiyo nati ikigoma huku ukiilazimisha, bomba linajinyonga. Nilizipaka mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia siku hiyo, na nikaazima spana namba 10 ya ringi iliyokatwa mdomo, ambayo inapita juu ya bomba kisha inaikumbatia nati pande karibu zote. Spana ya kawaida ya mdomo wazi inashika pembe mbili tu, na nati laini kama hizo huviringika mara moja. Wakati wa kufunga nilizianza kwa vidole mpaka zikaingia mizunguko mitatu au minne, masta ikiwa bado haijakazwa ukutani, ili niweze kuisogeza huku na huku mpaka hesi zikubaliane. Anayekaza masta kwanza kisha akajaribu kuingiza bomba kwa pembe hujikuta ameharibu hesi za masta mpya, na kwa kosa hilo hakuna dawa isipokuwa kununua nyingine.

Kabla ya kuifunga masta niliipeleka kwa jirani yangu seremala, ambaye ana jiliwa imara mezani pake. Tuliibana kwa upole, tukaweka vipande vya mbao pande zote mbili, nikaijaza mafuta na kuanza kuisukuma pistoni polepole kwa kijiti cha mninga alichonichongea pale pale. Nilikuwa nasukuma, naziba tundu la kutolea kwa kidole, naachia pistoni irudi, naondoa kidole, nasukuma tena. Mapovu yalitoka makubwa, kisha madogo, kisha yakaisha. Mzee aliniuliza kwa nini nisiifunge tu na kutoa upepo garini. Nilimjibu kwamba masta kavu ina upepo mwingi, na upepo huo ukishasukumwa kwenye bomba utaanza kujificha.

Nilipofika kwenye kutoa upepo kwenyewe ndipo nilipoipata ile kanuni ya ubaoni kwa mikono yangu. Kioevu hakigandamiziki kwa kiasi unachoweza kukiona, lakini hewa inagandamizika, na hewa iliyo ndani ya bomba huinywa nguvu ya mguu bila kuifikisha popote. Nilitaka kujua ni hewa kiasi gani inatosha kuiua klachi, nikachukua bomba la sindano na kupima mafuta yanayotoka kwa mkanyago mmoja kamili wa pedali. Yalikuwa mililita 5 na ushei. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Nguvu yote inayotenganisha injini na magurudumu inabebwa na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na kiputo cha nusu kijiko kikibaki ndani, nusu ya safari ya pedali imepotea.

Nilifunga mpira mpya wa petroli wa pikipiki, ule unaoonyesha ndani, kwenye kinati cha kutolea upepo juu ya slevu, na ncha ya pili nikaizamisha kwenye mafuta safi ndani ya chupa ya maji. Mpwa wangu alikaa kwenye pedali. Tulikubaliana maneno mawili, na kwamba hakuna anayetenda kabla ya kujibiwa.

“Kanyaga.”

“Nimekanyaga, mjomba.”

Nafungua kinati robo mzunguko, mafuta yanapita kwenye mpira yakiwa na mapovu, nafunga.

“Achia.”

“Nimeachia.”

Akiachia kabla kinati hakijafungwa, silinda inavuta hewa na kazi ya dakika kumi inapotea. Ndiyo maana majibu ni muhimu kuliko nguvu. Mwanzoni pedali haikurudi yenyewe, ikabidi aiinue kwa mkono. Baada ya kila mikanyago mitano ilikuwa lazima aende kuangalia kikopo, kwa kuwa ni kidogo na kinaisha haraka. Mara moja tulikisahau. Tulisikia mlio wa kunyonya, kama mtoto anayemaliza juisi kwa mrija, na tukajua tumeingiza hewa kutoka juu kabisa. Tulianza upya bila kulaumiana.

Baada ya saa nzima mpira ulikuwa unaonyesha mafuta matupu, lakini pedali ilikuwa bado inashika katikati ya safari, na nilipoipampu mara tatu mfululizo ilipanda. Pedali inayopanda kwa kupampiwa inasema waziwazi kwamba hewa bado imo. Nililifuata bomba kwa macho, nikaona mahali linapopinda kwenda juu kabla ya kushuka kwenye slevu. Hewa hupenda kupanda. Kila tuliposukuma, kiputo kilishuka kidogo kutoka kwenye ule mgongo, na tulipoachia kikarudi palepale.

Dawa yake ni kuifungua slevu kutoka kwenye giaboksi bila kulitoa bomba, kuishika ikiwa chini ya sehemu nyingine zote huku tundu la mafuta likitazama juu, na kuisukuma pistoni yake ndani kwa kidole gumba, polepole, mpaka mwisho. Mafuta yanarudi nyuma kwenda juu yakiibeba hewa mpaka kwenye kikopo. Mara ya kwanza niliposukuma, mpwa wangu aliyekuwa anachungulia kikopo alisema, “Mjomba, kimepanda kipovu kikubwa.” Kwa furaha akarudi kwenye kiti na kukanyaga pedali, kwa kuwa hakuambiwa asikanyage. Slevu ikiwa imening’inia hakuna kitu cha kuizuia pistoni. Ilichomoka, ikagonga sakafu, na mafuta yakaruka mpaka shavuni kwangu, karibu na jicho. Nilinawa kwa maji mengi, tukaimwagia maji milango na bampa, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi kama tindikali. Kosa lilikuwa langu. Tulikuwa na maneno mawili, na yalihitajika matatu. Neno “usiguse” tuliliongeza siku hiyo, na nilimwomba radhi.

Niliisafisha pistoni kwa spiriti, nikaipaka mafuta ya breki, nikairudisha mdomo wa raba usijikunje, tukarudia yote tangu mwanzo. Safari hii nilisukuma kwa kidole gumba mara nne, nikaifunga slevu, tukamalizia kwa mikanyago sita ya kawaida. Pedali ikashika juu, ngumu, na ikabaki palepale hata nilipoikandamiza kwa nusu dakika.

Kilibaki kipimo ambacho mafundi wengi hawakijali. Kati ya pedali na pistoni ya masta kuna fimbo fupi yenye nati ya kurekebishia, nayo lazima iwe na uwazi kidogo. Kwenye gari langu ni kati ya milimita 1 na 5 ukipima juu ya pedali, kabla hujahisi pistoni. Fimbo ikibana moja kwa moja, pistoni hairudi mpaka mwisho, tundu linaloruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo linabaki limezibwa, na joto likiongezeka mafuta yanatanuka yakiwa yamefungiwa. Klachi inajikanyaga yenyewe mpaka inateleza, na hapo ndipo mtu huambiwa pleti imeisha. Nilipima kwa rula ya shule nikapata milimita 3.

Gia ya nyuma iliingia kimya. Niliendesha mpaka Mikindani na kurudi, nikafunua raba ya slevu, nikakuta pamekauka. Nilichora mstari wa wino kwenye kikopo, na mpwa wangu alikuwa anautazama kila Jumamosi. Wiki ya sita mafuta yalikuwa bado juu ya mstari.

Mwezi Septemba nilipanda tena Newala, nikasimama Tandahimba na kumpelekea yule kijana chupa ndogo ya DOT 3. Nilimweleza kilichotokea, nikamwonyesha raba iliyovimba ambayo nilikuwa nimeihifadhi. Aliigeuza geuza, akaibonyeza, akaniuliza kama anaweza kuifungua chupa sasa hivi ili awe nayo tayari. Nikamwambia aiache na muhuri wake mpaka siku atakapokuja mtu mwenye kikopo kikavu. Akaiweka juu ya rafu, mbali na ile ya mafuta mekundu.